Kundi la Mafundi

Kidole gumba cha Mwanamkuu, kilicholowa mafuta ya cherehani, kilikuwa juu ya neno "Ondoka" kwenye simu.

Hili lilikuwa kundi la nne la mtandaoni kujiunga. La kwanza lilimjazia simu maua na "asubuhi njema" mpaka ikaganda. La pili, dawa za nguvu za kiume. La tatu, admini alitaka namba yake ya siri eti amthibitishe. Kamthibitishe mama yako! Yeye aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini uzi unakatika kila akishona?

"Jamani, humu hakuna fundi hata mmoja?" aliandika kwa mara ya mwisho.

Simu ikatetemeka.

"Binti, sindano umeipachika kinyume. Tangu asubuhi naisikia inavyogonga."

Anaisikia?

Akainua macho. Mwisho wa baraza ileile aliyokaa yeye, Mtaa wa Kongo, nyuma ya vitenge vilivyotundikwa, yule fundi mzee ambaye wamenuniana naye tangu Ramadhani kwa kugombea mteja alikuwa ameinamia simu.

Mwanamkuu akasonya. Akaigeuza sindano, akakanyaga. Uzi haukukatika.

"Shikamoo," akasema, kama anayerusha jiwe.