Jibu la Jikoni

"Mfereji wa Suez ulifunguliwa..."

"Elfu moja mia nane sitini na tisa!" Kinyozi alidakia kabla swali halijafika mwisho.

Darasa la jioni likalipuka kwa makofi. Mama Mtoto alibaki ameshika karatasi, kinywa wazi. Kinyozi alijuaje kwamba anaulizwa mwaka? Pengine alikuwa anaulizwa ni nani aliyeufungua.

Timu zilikuwa mbili. Kila moja ilitunga maswali yake ya historia ya dunia, ikamkabidhi mwalimu pamoja na majibu, kisha ikaiuliza timu pinzani. Nahodha atakayeshinda duru ya mwisho, fainali, awe Mama Mtoto au Kinyozi, angelipiwa mwaka mzima wa chuo cha ualimu, mji mwingine, chenye bweni la akina mama wenye watoto wachanga. Mama Mtoto alikuwa ameshaota mpaka rangi ya shuka.

Maswali ya timu yake aliyatunga na Fundi, jirani yake wa dawati. Wawili tu. Na cherehani ya Fundi ilikaa baraza moja na kiti cha Kinyozi.

Roho ilimuuma. Fundi huyu huyu aliyemshonea mtoto nguo za kwanza, bure, kwa vipande vya vitambaa vya wateja!

Kesho yake akamtega.

"Dada, swali letu la mwisho la fainali ni hili. Nchi gani ilitangulia kuwapa wanawake kura ya taifa? Jibu, Australia."

"Australia," Fundi akakariri, pini mdomoni. "Hilo hawalipati hata wakeshe."

Haikuwa Australia. Jibu la kweli lilikuwa kwa mwalimu. Kinyozi akithubutu tu kusema Australia, msaliti kajulikana.

Nyumbani kulikuwa na mashindano mengine. Kila jioni, yeye na mumewe waliulizana maswali ya darasani mbele ya beseni la nepi. Anayekosa, anafua.

Siku hiyo mume aliingia akiburuta miguu, shati limemgandia mgongoni, kichwa kimetoka kunyolewa, macho mekundu kwa uchovu. Hata hivyo alimpokea mtoto na kumrusha juu, mtoto akacheka.

"Leo nakufunga," akasema. "Nifaidi mapema. Ukishaenda huko chuoni nitaulizana na nani, masufuria?"

"Utakuja kututembelea."

"Mwaka mzima, mama! Mtoto atanisahau, ataniita mjomba."

"Acha hizo, baba. Sikiliza swali." Akamuuliza lile la kura za wanawake.

Mume alikuna kichwa. Akatazama dari, akamtazama mtoto, kana kwamba mtoto angemnong'oneza. "Si wale wa kule kwenye barafu? Ufini?"

Mama Mtoto alimwangalia kidogo.

"Umepatia."

"Usinitanie!"

"Umepatia, nimesema. Haya, kakae, pumzika."

Mume akatoka jikoni akijipigia makofi. Yeye akavuta beseni upande wake, akaanza kufua, anatabasamu peke yake ndani ya povu.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa ndugu na jamaa. Fundi alikuwa amemwekea kiti na chupa ya maji. Mama Mtoto hakuigusa.

"Nimekukosea nini?" Fundi akauliza. "Wiki nzima unaniangalia kama nimekuibia kuku."

"Tutajua leo."

Timu zilikwenda sambamba mpaka likabaki swali moja, la kwake. Kinyozi akilipata, chuo kinakwenda kwake. Akilikosa, alama inarudi kwa aliyeuliza, na chuo ni cha Mama Mtoto.

Alisimama. "Nchi gani ilitangulia kuwapa wanawake haki ya kupiga kura ya taifa?"

Kinyozi alitabasamu kama mtu aliyeshafunga mizigo. Mama Mtoto hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Fundi, usoni kabisa, yanasubiri Australia.

"Ufini!"

Fundi akamwinamia sikioni, amekunja uso. "Ufini? Si uliniambia Australia?"

"Sivyo," mwalimu akasema. "Ni Nyuzilandi. Mama Mtoto, hongera. Chuo ni chako."

Watu wakainuka kwa vigelegele. Kinyozi hakumtazama mwalimu, wala Fundi. Aligeuka, uso umemwiva kwa hasira, akawatolea macho watu wa viti vya nyuma, ambako mwanamume mmoja mwenye kichwa kinachong'aa alikuwa ameinama juu ya mtoto aliyempakata, anafunga upya nepi iliyokuwa imefungwa vizuri.