Shati la Kutokea

Bi Mwanaheri, aliyekuwa akiwatafutia kazi watu waliotoka gerezani, alimpeleka Ngwale kwenye duka la Mwinyikai, fundi cherehani.

"Mjaribu tu, fundi. Kazi anaijua."

Mwinyikai alitoa kitambaa cha kaki. "Haya, nishonee shati. Tepu hii hapa."

Ngwale hakuipokea tepu. Alimtazama fundi mabegani, akachukua mkasi, akakata. Alasiri shati lilikuwa tayari. Mwinyikai alilivaa, likamkaa sawasawa, hata kwenye bega la kushoto lililoinama tangu kuzaliwa.

"Nani kakupa vipimo vyangu?"

"Kule ndani nilikuwa nikimshonea mtu wa mwili huu huu. Ndiye aliyenambia, ukitoka, nenda kwa pacha wangu."

Fundi alikaa taratibu. "Pacha wangu alifia gerezani. Nilimzika kwa mikono yangu."

Ngwale alimkodolea macho. "Jana asubuhi kanisindikiza mpaka getini, fundi. Na yeye anatoka leo."

Ngwale alikuwa ameshakunjua kitambaa kilichobaki.

"Nimshonee na yeye," alisema. "Hana nguo ya kutokea."

Mwinyikai hakumzuia. Cherehani ilipoanza kulia, aliinuka, akaufungua mlango wa duka mpaka mwisho, akauwekea jiwe usijifunge. Kisha akasimama kizingitini akiitazama barabara, nyeupe kwa jua, haina mtu.