Mvi ya Wigi

Msusi alikuwa ameshafungua mkasi, fungu la nywele za mdogo wake likiwa mkononi. Mlangoni mwa saluni alisimama mnunuzi wa nywele za kupeleka ng'ambo, mfuko begani.

"Kata, dada. Zitapanda ndege kabla yangu," mdogo mtu akacheka. "Dunia imekuwa kijiji, kila mtu anapata chake."

"Kijiji gani ambamo humjui jirani yako?"

"Humjui, lakini unamuuza." Kwa kidevu akaonyesha wigi lililovikwa kichwa cha plastiki, nywele halisi za mwanamke wa nchi ya mbali. "Yeye si alipata chake?"

Msusi akageuka, akaushusha mkasi. Asubuhi alilichana wigi lile likiwa jeusi tii. Sasa utosini palikuwa na mvi.

"Umelipaka nini?"

"Mimi? Hata sijaligusa."

Akalisogelea, akang'oa unywele mmoja mweupe. Nywele za wigi hufungwa kwenye wavu, hazina mizizi. Huu ulikuwa na mzizi, tena wenye unyevu, kama uliotoka kichwani mwa mtu dakika ile.

Akauweka kiganjani mwa mdogo wake.

"Haya jamani, twende na wakati," mnunuzi akahimiza.

Mdogo mtu alifumba kiganja. Kicheko kikamkauka. Mkono wa pili ukapanda taratibu hadi kisogoni, ukazishika nywele zake.

"Dada," akanong'ona, "mbona unywele huu una joto?"