Mfuko wa Njugu

Selpher alifunika pua kwa leso, ingawa picha haitoi harufu.

Projekta ilimwaga dampo la Dandora juu ya ukuta mzima. Lilikuwa tamasha la filamu la likizo ya Agosti, kwenye ukumbi wa mtaa wa Mowlem, na madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Picha ilikuwa safi kupita kiasi. Nzi walionekana hadi miguu. Mtu alivuta mkate kutoka kwenye maji meusi, akaukung'uta, akauma. Nyuma ya ukumbi mtu akatema mate.

Everline alikaa katikati ya mchumba wake Job na Selpher, mamake Job. Alikuwa ameokota taka pale miaka mingi kabla ya kushona viatu soko la Kariokor, na Job hakujua. Siku wapiga filamu walipokuja, alikuwapo. Sasa alingoja uso wake utokee ukutani, siku ileile mama mkwe alipokuja kumwona mara ya kwanza.

"Hawa ni watu kweli?" Selpher aliuliza. "Job, mwanangu, ukiniletea msichana wa hapo, kikombe atakachonywea nitakivunja."

Job alicheka. Yeye alilelewa na nyanya yake Vihiga huku mamake akiuza mboga Nairobi, na alisema mama tangu zamani akisikia Dandora tu hukosa hamu ya chakula.

Ukutani, mwanamke alichukua mfuko uliofungwa. Aliutikisa karibu na sikio, akaugonga chini mara mbili kwa kidole, ndipo akaingiza mkono. Waokotaji wote hufanya hivyo. Sindano hulia, wembe huanguka chini. Hata nyumbani Everline hujikuta akigonga pakiti ya unga. Ndiyo maana mfuko wa njugu alionunuliwa na Job ulikuwa mapajani, haujaguswa, asije akaugonga mbele yao.

Gauni la kijani la Everline likapita kwenye picha. Mgongo tu. Kisha wingu la moshi, na filamu ikaisha.

Everline akapumua.

"Uchafu mtupu," Selpher alisema, macho bado ukutani. "Na wewe mtoto, mbona huli? Lete hizo njugu."

Akauchukua mfuko bila kuutazama, akautikisa karibu na sikio, akaugonga chini mara mbili kwa kidole.