Uthibitisho wa Pampu

Dakta Mwanshamba ndiye aliyethibitisha, kwa hesabu za mantiki, kwamba programu ya pampu ya dawa pale hospitalini haiwezi kukosea. Sasa alikuwa matangani, mkekani mbele ya Shekuwe, ambaye bintiye mdogo aliuawa na dawa iliyozidi.

"Muuguzi alijaza uzito wa mtu mzima," Mwanshamba alisema kwa sauti ya chini. "Pampu ilifuata ilichoambiwa. Uthibitisho wangu ni sahihi."

"Basi, dakta, aliyekosea ni mwanangu?"

Sharti moja tu katika programu, la kulinganisha uzito na umri wa mgonjwa, lingeizuia pampu kuukubali uzito ule. Halikuwahi kumjia Mwanshamba akilini.

Shekuwe alimsogezea kikombe cha kahawa. Mwanshamba alikipokea bila kukitazama, kahawa ikamwagikia mkeka, na hakuna aliyeifuta.