Kombe la Mshamu

Mwanakhamisi alitembea pole pole, sahani nyeupe kaibeba kwa mikono miwili. Maalim alikuwa amemwandikia kombe kwa zafarani, aya mduara kwa mduara, akamwambia, "Yafute maandishi kwa maji ya waridi, mumeo ayanywe yote. Dua hii haiponyi mpaka ifutike."

Nyumbani aliwakuta wanawake wamejaa barazani, kanga vichwani. Mumewe, Mshamu, alikuwa amekata roho adhuhuri.

Wifi yake Zuhura, aliyekuwa akihangaika na vyombo vya wageni, akaishika ile sahani. "Lete niipanguse, wifi."

"Hii haipanguswi," alisema Mwanakhamisi. "Hii hunywewa."

Akaketi mkekani, akamimina maji ya waridi, akaizungusha sahani taratibu. Herufi zikalegea moja moja, zikawa maji ya manjano, mpaka sahani ikabaki nyeupe kama haijapata kuandikwa kitu. Akayatia yote kinywani kwa funda moja, asiyameze.

Watu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. "Pole, bibi. Mungu akupe subira."

Naye akawaitikia kwa kichwa tu, mashavu yamemjaa, midomo kaifumba.