Meno ya Juu

Mji mzima haukuwa na mwongo hodari kama Mabruki. Aliyemshinda kumdanganya ni mkewe Chausiku tu, na ndiye hasa aliyehitaji kumdanganya.

Ukame ulikuwa umekausha visima vya karibu. Asubuhi punda wa Chausiku, aliyewabebea maji kutoka mbali, alitoweka. Jioni Mabruki akaja na kichwa cha mnyama kilichobabuliwa kikawa cheusi. Kwato alikwisha kuzifukia, maana hata mtoto anajua za ng'ombe zimepasuka na za punda ni nzima.

"Ndama huyo, mama watoto. Nimegaiwa."

"Masikio je?"

"Kabaki nayo mwenyewe."

"Na punda wangu?"

"Atarudi. Punda hasahau kwao."

Chausiku akabandika chungu. Watoto walikizunguka kimya. Njaa ilikuwa imewamaliza hata kilio. Kichwa kilipoiva, akafunua, akainama, akakaa vile.

"Baba watoto, nimepika vichwa tangu usichana wangu. Ng'ombe mbele juu hana meno, ana ufizi mtupu."

Mabruki akachungulia. Midomo ilikuwa imejikunja kwa moto, na ndani ya mvuke kichwa kiliwachekea wote wawili, meno ya juu na ya chini.

Nyuma yao, madumu yalikuwa makavu. Watoto wakanyoosha bakuli.